Njaa ya Tumbo na Njaa ya Moyo

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani wa kundi la 1981–84 katika mkutano wetu wa mwaka, kabla ya chakula cha mchana)



 Katibu aliponiomba nizungumze aliniambia nichague habari yoyote itakayowafaa wakubwa na wadogo. Wenzangu walionitangulia miaka iliyopita walizungumzia elimu, kazi na maendeleo ya taifa. Mimi nimechagua kuzungumzia sahani. Najua wapo watakaocheka, na wacheke, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiitwa Mzee wa Ukoko, na jina hilo sikupewa bure.

Sisi tulioingia hapa mwaka 1981 tuliingia katika miaka migumu. Vita na Idi Amin vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, lakini nchi ilikuwa imechoka na fedha za kigeni zilikuwa haba. Sukari, sabuni, mafuta ya kupikia na unga vilipatikana kwa foleni, na mara nyingi foleni iliisha kabla hujafika dirishani. Mwaka 1983 Serikali ilifanya msako mkubwa wa walanguzi na wahujumu uchumi. Hapa shuleni tulikula ugali wa unga wa njano, ambao tuliuita unga wa Yanga kwa sababu ya rangi ya jezi zao. Maharage yalikuja na wenyeji wake ndani. Siwalaumu walimu wetu hata kidogo, kwa kuwa na wao walikula hicho hicho, na wengine walikuwa na watoto nyumbani.

Lakini katika bwalo hili hili nilijifunza mambo matatu ambayo hayakuwamo katika ratiba ya masomo. La kwanza, kula upesi, kwa sababu anayekula polepole hapati nyongeza. La pili, usibakize kitu, kwa sababu hujui kesho kutakuwa na nini. La tatu, ukipata cha ziada kifiche, ukile peke yako. Ukoko wa sufuria kubwa niliukwangua kwa kijiko, nikauweka katika mfuko wa kaptula, nikautafuna usiku chini ya blanketi wenzangu wakiwa wamelala. Hisabati nilipata alama za wastani. Masomo hayo matatu nilifaulu daraja la kwanza.

Ndugu zangu, nimekuja kuwaambia kwamba masomo hayo, yaliyonisaidia nikiwa na miaka kumi na sita, karibu yaniue nilipofika hamsini.

Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kazi hapa Arusha, nikapanga chumba Kaloleni, nikaoa, na mpaka leo nakaa Kaloleni. Maisha yalitengemaa na mwili ukaanza kunenepa. Hakuna aliyeniambia neno baya. Kwetu mtu akinenepa huambiwa, "Umenawiri, mambo yako si mabaya." Kitambi kilikuwa cheti cha mwanamume aliyefanikiwa. Tena kumbukeni miaka ya mwisho ya themanini na miaka ya tisini. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na baada ya hapo hofu ilienea kila mkoa. Mtu akipungua kilo chache tu watu walinong'ona sokoni na msibani. Hivyo wengi wetu tuliogopa kukonda kuliko tulivyoogopa kunenepa. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nikivaa suruali ikanibana, nilijisikia salama.

Mwaka 2015 mke wangu alifariki. Tulikuwa na desturi yetu. Kila siku saa mbili usiku, baada ya kazi zote, tulikaa barazani na chai, tukasimuliana mambo ya mchana kutwa mpaka saa nne. Baada ya arobaini wageni wakaenda zao, watoto wakarudi kwenye shughuli zao, na saa mbili ikaja kama kawaida, lakini hapakuwa na mtu wa kusema naye.

Jioni moja nikatoka, nikaenda kwa kijana anayekaanga chipsi barabarani. Mnaoijua Kaloleni mnajua kwamba usiku huwezi kutembea hatua nyingi bila kukutana na harufu ya mafuta na mishikaki. Nikanunua zege, yaani chipsi mayai, pamoja na soda. Nikala. Nusu saa ile sikumkumbuka marehemu. Kesho yake nikaenda tena. Baada ya mwezi yule kijana hakuniuliza nataka nini. Akiniona tu anavunja mayai mawili, baadaye matatu. Nilikuwa nimekwisha kula ugali nyumbani, sikuwa na njaa. Nilikula nimesimama jikoni, taa imezimwa, upesi upesi, kama mtu anayeiba. Makaratasi na vifungashio nilivificha chini ya kitanda ili binti yangu akija Jumapili asione. Nilipomaliza nilijichukia, na kwa sababu nilijichukia, kesho yake nilikula zaidi.

Nilifika kilo 109. Mwaka 2018 miguu ikaanza kufa ganzi, nikawa naamka usiku mara nne kwenda haja ndogo. Nikapimwa, nikaambiwa nina kisukari na shinikizo la damu. Sikuwa peke yangu katika nchi hii. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Nchi ile ile iliyopanga foleni ya unga leo inapanga foleni ya kliniki ya kisukari.

Sasa sikilizeni kosa nililolifanya, maana wengi hulifanya. Nilikasirika. Nikasema, kama chakula ndicho adui, nitakiacha. Nikakata kifungua kinywa, nikakata chakula cha mchana, nikawa nakunywa chai kavu na kula kipande cha muhogo jioni. Nilivumilia siku tisa. Siku ya kumi nilikula sufuria nzima ya wali niliyoachiwa na jirani, nikatafuta na ukoko, nikaukwangua kama zamani. Nikakaa sakafuni nikalia. Nilidhani mimi ni mtu dhaifu asiye na msimamo.

Baadaye nikasoma habari iliyonifungua macho. Kuanzia Novemba 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, mtaalamu aitwaye Ancel Keys alifanya uchunguzi juu ya vijana 36 wenye afya njema waliojitolea. Alitaka kujua njaa inamfanya nini binadamu, ili wajue jinsi ya kuwalisha watu wa Ulaya walioumizwa na vita. Kwa muda wa miezi sita vijana wale walipewa karibu nusu ya chakula chao, nao wakapoteza kama robo ya uzito wao. Si miili tu iliyobadilika. Waliota chakula usiku, walisoma vitabu vya mapishi, waliramba sahani, wakawa na hasira na huzuni. Walipofunguliwa wale watakavyo, baadhi yao walikula mpaka wakaugua, na bado wakasema hawajashiba. Walikuwa vijana waliochaguliwa kwa uimara wao. Kwa hiyo yule anayejinyima chakula kisha akakifakamia hana sababu ya kujiona mwovu. Mwili wake umeona njaa, unajilinda. Niliposoma hayo niliwakumbuka vijana wa bwalo hili wa mwaka 1983, nikatuonea huruma sote.

Basi nilirudi kliniki kwa aibu. Muuguzi aliyenipokea alikuwa binti mdogo, umri wa mwanangu wa mwisho. Nilitegemea kukemewa. Akanipa shikamoo, akanikalisha, akaniuliza swali moja: "Baba, mara ya mwisho ulipokula kwa sababu ulikuwa na njaa ilikuwa lini?"

Ndugu zangu, sikuweza kujibu. Nilitafuta jibu kichwani, nikakosa.

Nikiwa mtoto wa miaka tisa, mwaka 1975, baba yangu alikuwa katika kikundi kilichokusanyika kusikiliza redio katika kampeni ya Chakula ni Uhai. Miaka miwili kabla yake ilikuwapo ya Mtu ni Afya, na mwaka huo huo wa 1973 ndipo Serikali ilipoanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe. Zilikuwa kazi kubwa na nzuri. Wazazi wetu walifundishwa vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kulinda mwili. Hivyo mimi nilijua tangu utotoni nini cha kula. Hakuna aliyenifundisha kujiuliza kwa nini ninakula. Swali hilo nililisikia kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka hamsini na mbili, kutoka kwa yule binti.

Akaniagiza ninunue daftari la shule, nilichore mistari. Safu ya kwanza, saa. Ya pili, nimekula nini. Ya tatu, tumbo lilisema nini. Ya nne, moyo ulisema nini. Hakuniambia nipunguze chochote, aliniambia niandike tu. Kwa majuma matatu niliandika kwa uaminifu kuliko nilivyowahi kuandika mazoezi ya jiografia. Mwisho wa majuma hayo tukalisoma pamoja. Asubuhi na mchana hapakuwa na tatizo. Karibu kila ulafi ulikuwa kati ya saa mbili na saa nne usiku, na katika safu ya moyo nilikuwa nimeandika neno lile lile, kimya. Ndipo nikaelewa kwamba kwa miaka mitatu nilikuwa nikimlisha mtu ambaye hakuwa na njaa. Alikuwa na msiba.

Yule muuguzi alinieleza pia jinsi mwili unavyofanya kazi. Mtu akiwa na wasiwasi au huzuni ya muda mrefu, mwili hutoa homoni iitwayo kotisoli, nayo huongeza hamu ya vitu vitamu na vya mafuta. Tena habari za kushiba huchukua kama dakika ishirini kufika kichwani, kwa hiyo anayemaliza sahani kwa dakika tano hupitwa na taarifa. Hapo nikakumbuka somo langu la kwanza la bwaloni.

Nitawaeleza nilichofanya, wala sisemi kila mtu afanye hivyo hivyo.

Kwanza, nilirudisha milo mitatu kwa saa zake. Niliacha kujinyima. Mtu anayejua kwamba saa saba atakula hana haja ya kuila saa saba hiyo tangu saa tano. Vyakula vyenyewe havikuwa vya ajabu. Katika mkoa huu tunakaa chini ya Mlima Meru, penye ndizi, maharage, mchicha, parachichi na maziwa mgando. Nilirudia makande, nikarudia loshoro. Soda niliiacha baada ya kuambiwa kwamba chupa moja ya kawaida ina sukari ya vijiko vidogo kama tisa, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe kama kumi na viwili kwa siku nzima.

Pili, niliikabili saa mbili usiku. Nilijifunza kukaa barazani na kikombe changu, nikamkumbuka marehemu waziwazi bila kitu mdomoni. Siku za kwanza nililia. Kisha nikaanza kutembea, natoka nyumbani nazunguka hadi karibu na uwanja wa Sheikh Amri Abeid na kurudi, na njiani nasalimiana na watu.

Tatu, niliacha kula mafichoni. Jirani yangu ni Mwislamu, na mwezi wa Ramadhani alinialika futari. Niliona alivyofanya. Mtu amefunga kutwa, ana njaa ya kweli, lakini anaanza kwa tende na maji, anakwenda kuswali, ndipo anarudi kula pamoja na watu wake, akizungumza. Nilimuuliza, je, njaa haikusumbui mchana? Akaniambia, "Njaa huja ikapita, ndugu yangu, kama bodaboda." Maneno hayo yalinisaidia. Hamu ya kula nayo huja ikapita, ukiipa robo saa. Lakini nawatahadharisha wenzangu wenye kisukari kwamba msifunge wala kubadili dawa bila kumwuliza daktari.

Na zege? Nala bado. Nala Jumamosi, nimekaa kwenye benchi, katika sahani, polepole, pamoja na yule kijana mkaangaji, ambaye sasa ni rafiki yangu. Chakula nilichokuwa nakila kwa kujificha kilinitawala, na nilipokila hadharani kikawa chakula tu.

Jumapili moja, wakati haya yanaanza, binti yangu alifagia chumba akayakuta makaratasi chini ya kitanda. Alinyamaza muda mrefu. Nilitegemea anigombeze kwa ajili ya sukari. Akasema, "Baba, ungeniambia tu kwamba unamkumbuka mama. Na mimi namkumbuka." Tukakaa pale kitandani tukazungumza mpaka jua likazama. Nadhani siku ile ndiyo nilianza kupona.

Leo nina kilo 94. Dawa bado nameza, na nitaendelea. Sikuwa malaika. Krismasi ya 2019 nilianguka vibaya, na mwaka 2021 tulipomzika mwenzetu niliyelala naye kitanda cha juu na chini hapa shuleni, usiku ule nilikula mikate miwili. Tofauti ni kwamba asubuhi yake sikujipa adhabu. Niliandika katika daftari, "Nimefiwa," nikanywa uji wangu kwa saa yake.

Sasa neno kwenu, vijana. Miongoni mwenu wapo wanaokula kupita kiasi mitihani ikikaribia, na wapo wanaojinyima ili wapendeze. Wapo ambao nyumbani kuna ugomvi au umaskini, nao hutafuta faraja dukani kwa biskuti. Msimcheke mwenzenu kwa kumwita tipwatipwa, wala msimcheke mwembamba kwa kumwita kimbaumbau. Kicheko hicho kinamsukuma chini ya blanketi na ukoko wake. Na kama wewe mwenyewe unakula kwa siri mpaka unaumia, huwezi kujizuia, au unajitapisha baadaye, tambua kwamba hayo ni maradhi yanayojulikana na yanayotibika. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza ulaji wa kupindukia katika orodha yao kama ugonjwa unaojitegemea. Mwambie mwalimu, matroni, mzazi au muuguzi. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua.

Na kwenu, wenzangu wa miaka ile, nasema haya. Njaa tuliyoipata hapa ilikuwa ya kweli na tuliishinda. Lakini ile foleni ilikwisha, ndugu zangu. Wengi wetu bado tumesimama ndani yake, sahani mkononi, tukiogopa kwamba kitaisha kabla ya zamu yetu. Tunaweza kutoka.

Ndugu Mwenyekiti, naona wapishi wananiangalia kwa hasira, na harufu ya pilau imefika. Naomba jambo moja tu. Katika meza zetu leo, wakubwa wachanganyike na wanafunzi. Tukae, tule polepole, tuulizane habari za nyumbani. Na kila mmoja wetu, kabla ya kuchukua sahani ya pili, ajiulize swali la yule muuguzi. Ukiwa na njaa, ongeza bila aibu. Ukiwa na jambo moyoni, mgeukie aliyekaa karibu nawe, umwambie.

Karibuni mezani.